Je, Wajua? Mshubiri Uliohamishwa Jana Hauna Kiu

Je, wajua kwamba mshubiri uliohamishiwa chunguni leo unaweza kukaa wiki nzima bila tone la maji na usipungukiwe na kitu? Maji umekuja nayo, yamo ndani ya majani. Kinachoua ni kopo la kwanza, lile linalomiminwa jioni ileile kwa nia njema. Mche ukishang'olewa lazima mizizi ichubuke na mingine ikatike, na kwenye udongo wowote kuna kuvu na bakteria wanaotafuta pa kuingilia. Kidonda kikiachwa pakavu siku chache hujifunga kwa tabaka gumu. Kikiloweshwa kabla ya hapo, uozo unaanza chini kwa chini, nawe utaujua wiki kadhaa baadaye, shina likishalegea.

Wajua pia kwamba kidonda kikubwa kinataka muda zaidi? Chipukizi la mshubiri lililobanduka na mizizi yake linatosheka na siku tatu nne. Kipande cha dungusi kakati chenye unene wa mkono kinaweza kutaka wiki mbili juu ya gazeti, kivulini, kabla hakijagusa udongo. Mgeni akikiona kimelala pale barazani atadhani umekitupa. Mwache adhani.

Je, wajua kwamba mimea hii hufanya kazi ya usiku? Mhindi au mharage hufungua vitundu vya majani yake mchana ili uvute hewa ya kaboni, na kila vinapofunguka maji nayo yanatoroka. Mshubiri, mkonge na hata nanasi hufunga milango jua likiwaka, ikaifungua gizani kukiwa na ubaridi. Hewa iliyovutwa usiku huhifadhiwa kama asidi ndani ya jani, kisha mchana hutumika kutengenezea chakula nyuma ya milango iliyofungwa. Ndiyo sababu mche uliopoteza nusu ya mizizi yake bado unasimama wima kwenye jua la saa sita, wakati mche wa nyanya ungekuwa umelala chini zamani.

Na siri hiyo iligunduliwa kwa ulimi. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, alitafuna majani ya mmea wenye asili ya Madagaska, ule ambao jani lake likidondoka huchipua vitoto pembezoni. Asubuhi aliona ni makali kwa uchachu. Kufika adhuhuri ladha imepotea. Jioni yakawa na uchungu kidogo. Barua yake ilichapishwa London mwaka 1815, na ikachukua zaidi ya miaka mia wataalamu kueleza mwendo mzima wa asidi ile. Usimwige. Mimea ya ukoo huo ina sumu ya moyo, na ng'ombe wanaoila kwa wingi hufa.

Je, wajua kwamba kokoto chini ya chungu hazisaidii maji kutoka? Hili linabishaniwa kila penye kitalu, na bibi zetu watatukasirikia, lakini fizikia iko wazi. Maji yaliyonaswa na udongo laini hayashuki kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la kokoto linapandisha tu ile sehemu yenye tope, linaisogeza karibu na mizizi. Chukua dodoki lililolowa, lilaze kiganjani hadi liache kudondosha, kisha lisimamishe wima: litaanza kudondosha tena. Urefu ndio unaovuta maji. Chungu kirefu chenye udongo wa aina moja kutoka juu hadi chini, na tundu la uhakika kwenye kitako, kinakauka vizuri kuliko kifupi kilichojazwa mawe.

Kokoto zako basi ziweke juu, kuzunguka shingo ya mmea. Hapo zina kazi: zinazuia majani ya chini yasilalie udongo mbichi.

Je, wajua kwamba Wamatengo wa nyanda za Mbinga walishalijibu swali la maji na mizizi kwa namna yao, tena kwenye miteremko ambayo mgeni asingethubutu kuweka jembe? Ngoro zao, yale mashimo yanayoufanya mlima mzima uonekane umechorwa miraba, zina zaidi ya miaka mia. Masika yakielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mistari inayokatizana, mpaka mteremko unagawanyika vipande vya kama mita moja na nusu kila upande. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila kipande na kuzifunika nyasi kwa udongo uliotoka humo. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Mvua inyeshe itakavyo: maji yanatulia shimoni, yanazama taratibu, udongo hauteremki mtoni, nyasi zinaoza ndani ya tuta na kulirutubisha, na mmea uko juu, shingo kavu.

Mtu aliyekulia Mpepai, huko Mbinga, anayepanda mshubiri chunguni hahitaji shimo, anahitaji lile tuta. Inua kiganja cha udongo katikati ya chungu, kalisha mmea juu yake, mizizi itandazwe kuteremka pembeni, na pale shina linapokutana na mizizi pabaki juu ya usawa wa udongo unaopazunguka. Mshubiri uliozikwa hadi majani ya chini hauponi haraka hata udongo ukiwa mzuri kiasi gani.

Tukiwa kwenye udongo: wajua kwamba mchanga wa Ziwa Nyasa una faida moja ambayo ule wa ufuko wa Bahari ya Hindi hauna? Hauna chumvi. Mchanga wa baharini usiooshwa unanyonya maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuipa, na mche mpya ndio unaoumia kwanza. Mchanga wa Mbamba Bay, kwenye ziwa hilo, unaweza kuutumia ulivyo, mradi uwe wa chenga kubwa na uuchukue kwa kiasi, maana fukwe nazo zina wenyewe. Ule laini unaoteleza mkononi uache. Ukichanganywa na udongo wa mfinyanzi unakaribia kuwa saruji.

Mchanganyiko wa bei nafuu kwa nyanda za Mbinga ni huu: nusu udongo wa juu uliochekechwa, nusu iliyobaki mchanga wa chenga na vipande vya tofali la kuchoma vilivyopondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi. Vumbi la tofali lipepete litoke. Mkaa uliovunjwavunjwa unafaa kwa kiasi. Maganda mabichi ya kahawa kutoka kwenye mtambo wa kumenya usiyaguse: yakioza ndani ya chungu yanaweza kuiumiza mizizi. Yasubiri yageuke mboji nyeusi isiyo na harufu.

Na mwenye ndugu Mbeya amwombe yale mawe mepesi yenye vitundu, yanayoelea ukiyatupa majini. Ni zao la Mlima Rungwe, uliolipuka vibaya sana yapata miaka 4,000 iliyopita. Wapanda maua wa Ulaya hununua mawe ya aina hiyo kwa mfuko. Huku yanapakiwa kwenye malori kama kifusi cha ujenzi.

Je, wajua kwamba ufukweni mwa Ziwa Nyasa hilohilo wanaishi wafinyanzi ambao vyungu vyao vinafaa kwa kazi hii kuliko plastiki yoyote ya dukani? Wanawake wa Kikisi, wa upande wa Kyela na Ludewa, wanafinyanga vyungu vyao na kuvipeleka mnadani Matema. Chungu cha udongo uliochomwa kinapumua: maji yanatokea ubavuni pia, si juu na chini tu, kwa hiyo kinakauka mapema na mizizi inapata hewa. Kasoro yake ni kwamba kimefinyangwa kwa ajili ya kupikia au kuwekea maji, hakina tundu. Kiloweke usiku kucha, kipindue juu ya gunia, kisha toboa polepole kwa kuzungusha ncha ya msumari mnene. Usigonge kwa nyundo. Kina mama wale walitumia siku nyingi kukifanya kisivuje.

Ukubwa je? Vidole viwili vya nafasi kati ya mizizi na ukingo vinatosha. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao hakuna mzizi wa kuunywa.

Je, wajua kwamba uchumi mzima wa mkonge Tanzania ulianzia kwenye miche 62 iliyonusurika safari? Mkonge nao ni wa kundi hili: jani nono, maji ndani, ngozi ya nta. Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida nchini Marekani, kwa kuwa Mexico haikutaka mkonge wake utoke. Vilipitia Hamburg, vikapanda meli tena, na mwaka 1893 vilivyofika pwani ya Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wapo wanaosimulia kwamba vilivushwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, ila Florida hapakuwa na sababu ya kumsumbua mamba. Kutoka kwenye hivyo 62 nchi ilifika kuzalisha takriban tani 230,000 mwaka 1964, miaka ambayo tulikuwa tunaongoza duniani.

Kinachotuhusu hapa ni hali ya vichipukizi vile siku ya kushuka melini. Vilikuwa vimekaa muda mrefu bila udongo wala maji, mizizi imekauka. Havikuihitaji. Mpaka leo kwenye mashamba ya mkonge mche ukitoka kitaluni hupunguzwa mizizi yake kwa panga kabla ya kupandwa shambani, kwa sababu mizizi itakayoulisha ni ile mipya inayotoka kwenye kitako. Kwa hiyo ukinunua mshubiri sokoni ukakuta mizizi yake myembamba imegeuka nyuzi kavu, ikate tu. Angalia kitako: kikiwa kigumu na cheupe ndani, mmea uko hai.

Je, wajua jinsi ya kusoma jani? Majani ya chini yakisinyaa na kukunjamana wiki za mwanzo, hiyo si dalili mbaya. Mmea unahamisha maji kutoka kwenye akiba yake ya zamani kwenda kutengeneza mizizi. Majani ya juu yakibaki magumu, uache. Jani likigeuka la manjano, likawa laini na kuonekana kama lina maji ndani, umezidisha. Na kuna dalili ya tatu inayowachanganya wengi: jani limekunjamana huku udongo ukiwa umelowa. Hapo watu huongeza maji, wakati ukweli ni kwamba mizizi imeoza na hakuna wa kuyapandisha. Ng'oa, kata mpaka kwenye nyama safi, kausha, anza upya. Inauma, lakini inafanya kazi.

Wekundu nao? Mshubiri uliotoka kivulini ukawekwa juani ghafla hubadilika kuwa wa kahawia au mwekundu. Ni rangi unayojitengenezea kujikinga na mwanga, na ukirudishwa kwenye mwanga mpole kijani kinarejea. Hapa Tanzania tunao mshubiri unaosifika dunia nzima kwa hilo, Aloe dorotheae wa Handeni, unaowaka wekundu mtupu juani. Kwao porini umebaki kwa uchache wa kutisha. Mabaka meupe au ya kahawia yaliyokauka ni kitu kingine. Hayo ni majeraha ya kuungua, na jani hilo litabaki nayo hadi life.

Njia salama ni kuuweka mmea mgeni mahali penye mwanga mwingi pasipo jua la moja kwa moja kwa wiki mbili hivi, kisha jua la asubuhi, kisha zaidi. Baraza inayotazama mashariki ndiyo yenyewe.

Je, wajua kwamba kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay unabadilisha masharti yote ya kumwagilia? Ziwa liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Umatengo zinafika hata mita 2,000. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Chungu kinachokauka kwa siku nne ufukweni kinaweza kuchukua zaidi ya wiki juu milimani, na wakati wa kipupwe, Juni na Julai, zaidi ya hapo. Ratiba uliyopewa na shangazi wa Liuli, kule ziwani, usiipeleke Mpepai. Choma kijiti hadi chini ya chungu, kichomoe: kikitoka na udongo ulioshikana, ondoka.

Kipupwe chenyewe hakifai kuhamishia. Mizizi inalala. Septemba na Oktoba, kukianza kupata joto na mvua bado haijafungua, ndio wakati mzuri. Ukichelewa hadi Novemba mvua zikianza, chungu kikae upenuni, lakini si pale bati linapomwagia. Tone la upenuni ni maji ya paa zima.

Je, wajua kwamba ukikata mnyaa, ule wa uzio, kazi ya kwanza si kupanda bali ni kunawa? Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha kwa siku kadhaa. Chovya ncha iliyokatwa kwenye maji mpaka maziwa yaache kutoka, ndipo ukaushe. Maziwa hayohayo yalimvutia Melvin Calvin, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961: alitaka mnyaa ulimwe ili uzalishe mafuta ya magari. Haukuwahi kujaza tangi la mtu.

Na waridi la jangwani, lenye shina lililovimba? Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huchemsha utomvu wake kupaka mishale. Ukilihamisha vaa glavu. Likipukutisha majani yote baada ya kuhamishwa au baridi ikiingia, binya shina: kama ni gumu, limelala tu, na aliyelala hapewi maji. Wenzetu wenye ndugu Salalah, Oman, wataliona porini kwenye milima ya Dhofar, limechanua pasipo jani hata moja.

Je, wajua kwamba jani la ule mmea wa wima wenye milia, unaowekwa pembeni mwa sebule, likikatwa vipande na kupandwa kichwa chini kwa kawaida halioti? Kila kipande kinakumbuka upande wake wa chini. Weka alama ya kalamu kabla ya kisu. Na ule wenye ukingo wa manjano ukiuotesha kwa jani, watoto wanatoka kijani kitupu. Manjano hupatikana kwa kugawa mizizi peke yake.

Wajua wadudu wanaojificha? Vidung'ata, wale weupe wa pamba, hukaa pia mizizini ambako huwaoni mpaka ung'oe. Ukiona sisimizi wanaingia na kutoka kwenye tundu la chungu, shuku: wanawatunza ili walambe utamu wao. Osha mizizi kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, tupa udongo wote wa zamani mbali na vyungu vingine.

Mbolea? Urea iliyobaki kwenye mahindi iache kwenye gunia. Inachoma mizizi inayoanza. Subiri jani jipya litoke katikati. Na kabla ya hapo kuna kipimo kingine, cha maji: shika mmea kwa vidole viwili, uvute kidogo sana kwenda juu. Ukikataa, umeshika. Maji ya kwanza ya kutosha, yale ya kumwagia hadi yatokee chini, yanafaa sasa.

Je, wajua kwamba mmea wa ofisini unaoitwa ZZ, wenye majani yanayong'aa, ni wa kwetu? Unaota wenyewe porini kuanzia Kenya, kupita Tanzania na Malawi, hadi KwaZulu-Natal. Waholanzi walianza kuuotesha kwa wingi kibiashara miaka ya 1990, na leo ofisi za Dar es Salaam zinaununua kwa bei ya mgeni. Chini una viazi vya kuhifadhia maji. Jani dogo moja tu likichomekwa mchangani hutoa kiazi chake, ila subira inatakiwa: miezi inapita halionyeshi kitu.

Kwa wanaotamani mishubiri ya milimani: tambueni kwamba chipukizi la ubavuni hupona upesi kuliko mmea mzima uliochimbwa. Tena Tanzania imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu mwaka 1979, na mishubiri karibu yote imo kwenye majedwali yake. Ukipanda boti Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay, upande wa Malawi, na mshubiri wa porini mfukoni, unatakiwa kuwa na kibali. Alovera ya kawaida pekee ndiyo iliyoachwa nje ya majedwali hayo, ingawa ofisa wa mpakani bado anaweza kukuuliza cheti cha afya ya mimea.